Programu Haiishi, Lakini Si Kila Sasisho Lina Sababu

Husemwa kwamba programu ya kompyuta haiishi, yaani haifiki siku ya kukamilika. Aliyekaribia zaidi kumaliza programu pengine ni Donald Knuth, mtunzi wa TeX, inayotumika kupanga kurasa za vitabu vya hisabati. Aliacha kuiongezea mambo mapya. Anasahihisha kasoro tu, na kila awamu ya masahihisho huongeza tarakimu moja ya pai kwenye namba ya toleo. Mwaka 2021 ilifika 3.141592653. Ameagiza kwamba akifariki namba iwe pai yenyewe, na kasoro zitakazobaki zihesabiwe kuwa ndivyo programu ilivyo. Hata hapo, anayeifunga kazi ni mauti!

TeX ina bahati, maana herufi na karatasi hazibadiliki sana. Programu ya kodi au ya benki inafuata sheria, vifaa na watu, na vyote hivyo havitulii. Meir Lehman, mtafiti wa programu za kompyuta, alilisema hili tangu miaka ya 1970: programu iliyo ndani ya shughuli za watu isipobadilishwa, manufaa yake hupungua, ingawa hakuna aliyeigusa. Akaongeza kwamba kadiri inavyobadilishwa ndivyo inavyozidi kuwa tata, isipokuwa mtu afanye kazi ya kuipunguzia utata huo.

Wanaohimiza kusasisha wana ushahidi mzito. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliziteka kompyuta nyingi duniani, zikiwemo za hospitali za Uingereza, kupitia mwanya wa Windows ambao Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake, yaani sasisho la kuuziba, tangu Machi. Waliochelewa ndio walioumia.

Lakini tarehe 19 Julai 2024 waliumia watiifu. Sasisho moja lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa mitandao, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na safari za ndege zikafutwa.

Mimi bado niko upande wa kusasisha. Ninachokikataa ni kufungasha kiraka pamoja na mapambo: unaziba mwanya usiku, asubuhi kitufe ulichokizoea kimehamishwa na huna wa kumuuliza. “Programu haiishi” imekuwa pia kisingizio cha kutoa kazi mbichi na kumwachia mtumiaji aigundue kasoro.

Kutenganisha kunawezekana. Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta, ina matoleo ya LTS, yaani ya kuhudumiwa kwa muda mrefu, yanayopata marekebisho ya usalama kwa miaka 5 bila mtumiaji kulazimishwa kuhamia toleo jipya. Ugumu ni kwamba fundi anapaswa kupeleka kiraka kilekile kwenye toleo la zamani na jipya, na kuyajaribu yote mawili. Kazi hiyo ya pili ndiyo kampuni nyingi hazitaki kuilipia.