Kitabu cha Jamii Nakianzia Nyuma

Kitabu chochote kinachodai kueleza jinsi tunavyoishi siku hizi, mimi nakianzia nyuma. Naruka dibaji, naruka na zile sifa za kwenye jalada (waandishi wanasifiana wenyewe kwa wenyewe, hilo linajulikana), naenda moja kwa moja kwenye tanbihi na maelezo ya jinsi utafiti ulivyofanyika. Huko ndiko mwandishi anakojianika. Alikaa wapi, na nani, muda gani? Takwimu kazitoa wapi? Kurasa hizo zikikosekana, au zikiwa zimejaa makala za magazeti tu, najua nimeshika maoni ya mtu yaliyovalishwa suti.

Nasema hivyo kwa sababu vitabu vya jibu moja vimezidi. Unavijua. Simu ndizo zimetuharibu. Kama si simu, ni upweke. Kama si upweke, ni shule. Sura ya kwanza inakupa jibu, na zote zinazofuata zinalirudia kwa visa vipya. Vinasomeka vizuri, sikatai, na ukimaliza huishiwi la kusema mbele za watu. Ila jibu likishatoka humo na kuingia vinywani mwa watu, kulirudisha ni kazi.

Chukua zile saa 10,000. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Wale walio bora, walipofikisha miaka 20, walikuwa wameshafanya mazoezi kwa wastani wa zaidi ya saa 10,000. Wastani, maana yake wapo waliokuwa chini ya hapo. Mwaka 2008 mwandishi Malcolm Gladwell akaitia hesabu hiyo kwenye kitabu chake Outliers, na kufumba na kufumbua ikawa kanuni: timiza saa zako, uwe bingwa. Ericsson mwenyewe baadaye aliandika kupinga namna matokeo yake yalivyosomwa. Nani alimsikiliza? Makocha na wahamasishaji wa majukwaani bado wanaitaja namba ile kama aya.

Wapo waliojaribu jibu kubwa na wakalifanyia kazi. Robert Putnam, mtaalamu wa siasa, alichapisha makala mwaka 1995 akisema Wamarekani wanazidi kujitenga. Alama aliyoiona ilikuwa kwenye bolingi, mchezo wa kuviringisha mpira kuangusha pini: kati ya 1980 na 1993 wachezaji waliongezeka kwa asilimia 10, huku wanaocheza katika ligi wakipungua kwa asilimia 40. Watu wakamjia juu. Pengine, walisema, wamehama tu vyama vya zamani na kuingia vingine ambavyo wewe huvihesabu. Putnam angeweza kuzunguka akilirudia lile lile. Badala yake alirudi na kitabu kinene, Bowling Alone, mwaka 2000, kimejaa takwimu za miaka mingi kuhusu mikutano, vyama, hata kukaribishana chakula nyumbani. Unaweza kuukataa uamuzi wake, lakini amekupa vifaa vya kuukatalia. Kwangu hicho ndicho kipimo.

Vitabu ninavyovipenda zaidi, hata hivyo, havina jibu kubwa kabisa. Vina watu. Mwanasosholojia Matthew Desmond alihamia Milwaukee, jiji la Marekani, mwaka 2008, akapanga kwanza katika eneo la nyumba za trela, kisha katika nyumba ya vyumba vya kupangisha, akawafuata wapangaji wanaofukuzwa na wenye nyumba wanaowafukuza. Kitabu chake Evicted, kilichotoka mwaka 2016, kinaanza na mvulana anayelirushia gari donge la theluji. Dereva anashuka, anavunja mlango wa nyumba yao kwa teke. Mwenye nyumba anaona mlango umevunjwa, anamfukuza mama na watoto wake. Donge la theluji! Hapo unaanza kuelewa kuishi bila akiba kukoje, kabla mwandishi hajataja asilimia yoyote.

Mbele kidogo kuna jambo lililonikaa zaidi. Wakati huo, simu za kuita polisi zilipozidi kutoka katika nyumba moja, polisi wa jiji walimwandikia mwenye nyumba onyo, naye njia yake rahisi ilikuwa kumwondoa mpangaji. Hivyo mwanamke aliyepigwa na mume wake alibaki kuchagua kati ya kunyamaza na kukosa pa kulala. Hakuna aliyeketi akapanga kumtesa. Ilikuwa sheria ya kelele na usumbufu tu, ikifanya kazi yake. Jambo kama hilo hulioni ukiwa umekaa maktaba.

Mwandishi wa habari Katherine Boo naye, kwa ajili ya kitabu chake Behind the Beautiful Forevers, alikaa kwa miaka zaidi ya mitatu, tangu Novemba 2007 hadi Machi 2011, akiingia na kutoka Annawadi, mtaa wa mabanda karibu na uwanja wa ndege wa Mumbai, India. Ukisoma maelezo yake ya mwisho unakuta kwamba, mbali na kurekodi mazungumzo, alikusanya nyaraka za serikali zaidi ya 3,000 ili kupima maneno ya watu dhidi ya maandishi ya ofisi. Ndani ya masimulizi yenyewe haonekani. Desmond pia amejiondoa, hadi kurasa za mwisho. Napenda adabu hiyo, hasa siku hizi ambapo mwandishi anakwenda kuandika kuhusu maskini halafu sura nzima inakuwa ya machozi yake mwenyewe.

Kuna neno moja nina nalo hata kwa hawa wazuri. Mbona kila anayekwenda kukaa na watu miaka mitatu anakwenda kwa wasio na kitu? Jibu halina fumbo: maskini hana lango, hana mlinzi, hana wakili wa kumwambia asiseme. Desmond angalau aliwafuata wenye nyumba pia, na katika Poverty, by America cha mwaka 2023 akawageukia walio na nafuu, akionyesha namna wanavyofaidika na umaskini wa wenzao. Lakini hicho ni kitabu cha hoja, hakuna sebule tuliyoingia. Mimi nasubiri atakayekaa muda ule ule mezani kwa wanaopanga kodi za nyumba na riba za mikopo, aandike wanavyoongea wakiwa wamesahau kwamba yupo. Kikitoka, nitaanza na kurasa za nyuma nione alipitaje langoni.