Wazee wa ndege za mabomu na bango la Ottawa

Makumbusho ya vita yakizozana na wazee waliopigana vita hivyo, watazamaji hugawa haki mapema: wanahistoria wanatetea ukweli, wazee wanatafuta sifa. Hivyo ndivyo wengi wanavyoukumbuka mgogoro wa Ottawa wa mwaka 2007, na kwa maoni yangu wazee walipunjwa.

Ugomvi ulihusu bango moja tu katika Makumbusho ya Vita ya Canada. Kwa sentensi chache lilisema kuwa manufaa na uhalali wa kuipiga miji ya Ujerumani kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili bado vinabishaniwa vikali. Kwamba Wajerumani 600,000 walikufa na zaidi ya milioni tano wakabaki bila makazi. Na kwamba viwanda vya silaha havikuathirika sana hadi vita vilipokaribia kwisha. Karibu yake palikuwa na picha za maiti mitaani. Maveterani wakaja juu, suala likafika Seneti, na mwishowe makumbusho yakaandika maelezo mapya, marefu zaidi.

Wanahistoria wana hoja nzito. Wanne walioombwa kulikagua bango hawakukuta uongo ndani yake, ingawa wawili hawakupenda lugha iliyotumika. Na anayesimuliwa akipewa kalamu nyekundu, makumbusho yanageuka hafla ya kuagana na mstaafu. Washington iliyaona hayo mwaka 1995, pale maonyesho ya Enola Gay, ndege iliyoangusha bomu la Hiroshima, yalipokatwakatwa kwa shinikizo la vyama vya wanajeshi wa zamani na wanasiasa. Mkurugenzi wa makumbusho, Martin Harwit, alijiuzulu. Wageni wakabaki kutazama sehemu ya mbele ya ndege, huku mengi yaliyowahusu watu waliokuwa chini yake yakiwa yameondolewa. Pale historia ilipata hasara, sina ubishi.

Ila kesi ya Ottawa ni nyingine, na mimi hunirudisha kwenye hesabu moja. Kati ya askari wa anga wapatao 125,000 waliopita katika kikosi cha Uingereza cha ndege za mabomu, 55,573 walikufa. Ni kama 44 katika kila 100, na hapo hujawagusa waliojeruhiwa wala waliotekwa. Wakanada waliokufa humo ni kama 10,000. Wote waliorushwa walikuwa wamejitolea. Zamu moja ilikuwa na safari 30, na aliyezimaliza aliweza kuitwa tena kwa zamu ya pili. Mtazame mshika bunduki wa mkiani katika Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza: kakaa peke yake saa nyingi gizani, kwenye baridi ya kugandisha, kibanda chake kimebana hata parachuti hakuna pa kuiweka, imetundikwa nyuma yake ndani ya ndege. Ndege ikiwaka moto, kwanza aifikie parachuti.

Mtu huyo hakuchagua mji wa kupiga. Agizo la kulenga ari ya raia, hasa wafanyakazi wa viwandani, lilitoka Wizara ya Anga mjini London Februari 1942, siku chache kabla Arthur Harris hajakabidhiwa kikosi. Sasa weka bango linalouliza kama kampeni ilikuwa halali, usimtaje aliyeagiza, halafu sura pekee za washambuliaji anazoziona mgeni ukumbini ziwe za vijana wa ndege. Lawama itamwangukia nani? Kila sentensi inaweza kuwa kweli na deni likapelekwa kwa asiyekopa. Hicho ndicho wazee walichokiona, japo baadhi yao walikisema kwa hasira na wengine, kweli, walitaka tarakimu zifichwe. Nao walikuwa wameshazoea kuonewa haya: kikosi hakikuwa na nishani yake, na kipande cha chuma cha kubandika juu ya utepe wa nishani nyingine walikipata mwaka 2013, wengi wao wakiwa makaburini.

Kuna jambo moja linaloudhoofisha upande wangu. Anayesikilizwa ni mwenye chama na mwenye seneta. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hao hawakupata hata bango la kulalamikia. Kanuni ya kuwasikiliza wazee haiwafai kitu.

Hata hivyo, heshima na ukweli vinaweza kukaa pamoja. Ukumbusho wa kikosi hicho uliozinduliwa Green Park, London, mwaka 2012, una sanamu za askari saba wa ndege, na pia maandishi yanayowakumbuka watu wa mataifa yote waliokufa kwa mabomu kati ya 1939 na 1945. Hayo yametosha kwenye jiwe. Ukumbi wa makumbusho una nafasi kubwa zaidi: picha za Wajerumani waliokufa zibaki, vijana wa ndege wabaki, na kati yao litundikwe lile agizo la Februari 1942, mgeni alisome mwenyewe aone limetoka ofisi gani.