Anayemtunza mama kule Seme ndiye wa kupelekwa kozi

Ukitoka Kondele kuelekea katikati ya jiji la Kisumu, nguzo za stima zimebeba matangazo ya kila aina: waganga, nyumba za kupanga, mikopo ya haraka, na siku hizi kozi za kutunza wazee. Wiki chache tu, cheti mkononi, kazi ng'ambo. Picha ni ile ile, msichana aliyevaa sare ya samawati amemwinamia ajuza wa Kizungu, wote wawili wanacheka. Bado sijaona tangazo lenye picha ya mzee wa huku kwetu ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe.

Kozi zenyewe sizipingi. Ningependa ziwe nyingi kuliko zilivyo. Kinachonikera ni kwamba zimeshonwa kwa kipimo cha mtu aliye mbali, mwenye kitanda kinachopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe na mashine ya kumwinua mgonjwa, huku wazee na watu wenye ulemavu wa Seme, Emuhaya na Njoro wakitunzwa na watu ambao hakuna aliyewahi kuketi nao hata asubuhi moja akawaonyesha kazi inavyofanywa.

Tena mlango wa ng'ambo wenyewe si ule wa zamani. Uingereza, ambayo ndiyo iliyowatia watu wengi hamu, ilianza kwa kuwazuia wahudumu wapya kwenda na wake, waume na watoto wao, kuanzia tarehe 11 Machi 2024. Ilipofika tarehe 22 Julai 2025 ikaacha kabisa kutoa viza kwa wahudumu wapya wanaoajiriwa kutoka nje. Ujerumani ilitia saini makubaliano ya kazi na Kenya mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, na watu wakashangilia, lakini Wajerumani wanataka lugha yao kwanza, na uuguzi kwao husomewa miaka mitatu. Cheti cha wiki chache kilichotolewa kwenye chumba kilicho juu ya duka la simu hakitamfikisha mtu huko. Matangazo kwenye nguzo hayajapata habari hizo.

Sasa turudi nyumbani. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 waliofikisha miaka 60 na zaidi. Kitaifa, watu wenye ulemavu walikuwa asilimia 2.2 ya wote wenye umri wa kuanzia miaka mitano. Homa Bay ilipata asilimia 4.3 na Siaya 4.1, karibu mara mbili ya wastani wa nchi. Na Nyanza ina jambo lake ambalo takwimu hizo hazilisemi. Ukimwi uliondoka na wengi wa kizazi cha katikati, watu ambao leo wangekuwa na miaka hamsini na kitu, yaani wale wale ambao kwa desturi ndio wangewatunza wazazi wao. Nyanya wakabaki kulea wajukuu. Wajukuu wamekua, wako Nairobi, Nakuru, Doha. Nyanya amefika miaka themanini, na nyumbani yuko na nani?

Yuko na dada wa kazi. Hapo ndipo mabishano yetu ya kila siku kuhusu mila yanaponichosha. Mtu atakwambia kwa fahari kwamba sisi hatupeleki wazazi kwenye makao ya wazee, hayo ni ya Wazungu. Sawa. Lakini umemwajiri msichana kutoka kijiji cha pili aje apike, afue na kulisha kuku. Mwaka uliofuata mama akapata kiharusi, na kazi ya yule msichana ikageuka pasipo mtu kumwambia. Sasa anaosha mtu mzima, anamlisha, anampa dawa, anaamka usiku. Mshahara ni ule ule wa kulisha kuku. Huyo tayari ni mhudumu wa wazee. Kilichobaki ni kumfundisha.

Na si mambo makubwa. Chukua kumgeuza mtu kitandani. Asiyeweza kujigeuza mwenyewe anapaswa kugeuzwa kama kila saa mbili, la sivyo mwili unajigandamiza, damu haipiti vizuri, na ngozi inaanza kufa kwenye visigino, nyonga na kifandugu. Kidonda cha kulalia huanza kama alama ambayo haipotei ukiibonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, kwa hiyo unatafuta mahali palipokolea rangi kuliko kwingine, pana joto au pamekuwa pagumu. Aliyefundishwa ataliona siku hiyo hiyo. Asiyefundishwa ataliona harufu ikitoka, na hapo ni safari ya Russia, yaani hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga, na miezi ya kusafisha kidonda. Kumgeuza kwenyewe kunahitaji shuka moja tu iliyokunjwa na kutandikwa chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani. Unavuta shuka, si mtu. Mgongo wako nao unapona.

Au chukua chakula. Aliyepigwa na kiharusi mara nyingi humeza kwa shida, na sisi kwa huruma tunampa vitu vyepesi: chai, maji, supu nyembamba. Kwa wengi wa wagonjwa hawa kilicho chepesi ndicho cha hatari, kwa sababu kinateleza haraka na kuingia njia ya hewa kabla koo halijajipanga. Uji mzito unaweza kuwa salama zaidi kuliko chai, ingawa inafaa daktari au mtaalamu wa kumeza aseme uzito gani unamfaa. Aketi wima, kijiko kidogo, asubiriwe ameze kabla ya kijiko kingine, na asilazwe mara tu anapomaliza, akae kama nusu saa. Ni wazee wangapi wa huku wamekufa kwa nimonia iliyoanzia kwenye kikombe cha chai? Hatujui, kwa kuwa kwenye tangazo la kifo husemwa ameugua kwa muda mrefu.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni la mkono. Mjomba wangu kule Vihiga, baada ya kiharusi, alikuwa akiinuliwa na vijana wenye nguvu kwa kuvutwa mkono ule ule uliolegea. Misuli ya bega haikuwa ikishika tena, na mfupa ukaanza kuteleza kutoka mahali pake. Maumivu ya bega yakamtesa kuliko kiharusi chenyewe. Vijana walikuwa na mapenzi tele, hakuna aliyewahi kuwaambia. Kiti huwekwa upande wenye nguvu, breki zinafungwa, vikanyagio vinakunjwa, mgonjwa anaegemea mbele na kusimama kwa mguu wake mzima huku ukimshika kiunoni. Dakika kumi za somo na mazoezi ya siku mbili.

Niongeze jambo zito kidogo. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati wakishukiwa kuwa wachawi. Sisemi kozi ingewaokoa. Ila dimenshia, ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili, humfanya mtu atoke usiku, azungumze na wasioonekana, aingie boma la wengine akidhani ni kwake, na katika kijiji kisichojua ugonjwa huo, mambo hayo hupewa jina lingine. Mhudumu aliyefundishwa angalau anaweza kusimama kwenye baraza la chifu akaeleza kwamba huyu ni mgonjwa. Kwa maoni yangu, somo hilo liwe la kwanza katika kozi yoyote itakayofundishwa Gusii.

Matangazo yale huandika wazee na walemavu kwenye mstari mmoja, kana kwamba kazi ni moja. Kuosha na kuhamisha ni kule kule, lakini mtu mwenye umri wa miaka 27 aliyevunjika uti wa mgongo kwenye ajali ya boda hamhitaji mtu wa kumwamulia alale saa ngapi. Anamhitaji mtu atakayefanya anachoelekezwa kisha akae kando. Ana kichwa chake, ana simu yake, huenda ana biashara. Mhudumu anayezoea kuzungumza na mama juu ya kichwa chake, "Je, amekula?", huyo hajafunzwa. Hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo iko Nairobi, na akiruhusiwa kurudi Ahero au Mumias, kila alichofundishwa huko kuhusu kibofu, mpira wa mkojo na ngozi kinabebwa na ndugu mmoja aliyekuwa naye wodini. Ndugu huyo akipata kibarua kwingine, elimu imeondoka naye.

Kisha kuna akina mama wa watoto wenye mtindio wa ubongo. Hao wangeweza kufundisha sehemu kubwa ya kozi wao wenyewe. Wanajua kumlisha mtoto ambaye shingo haishiki na kumkalisha kwa kutumia ndoo na blanketi. Nchi ina sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, anapimwa na kupewa cheti bila kuanza upya. Mafundi wa magari na washonaji wamekuwa wakitajwa sana katika habari hiyo. Kwa nini mama aliyemlea mtoto wa aina hiyo hadi akafika miaka kumi na mitano asipimwe, akapewa cheti, akalipwa kufundisha wengine?

Kuhusu kozi yenyewe, ningependa tuige jambo moja kutoka Australia. Cheti chao cha daraja la tatu cha kazi hii humtaka mwanafunzi afanye kazi kwa saa zisizopungua 120 mahali ambapo huduma inatolewa kweli, kwa watu halisi, chini ya usimamizi. Chuo cha kwetu kikikwambia mazoezi ni mwanasesere kitandani na wanafunzi ishirini wamemzunguka, okoa pesa zako. Uliza kama kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, uliza mtihani wa mwisho unasimamiwa na nani, kisha uliza mazoezi ni wapi. Swali la tatu ndilo huwatoa jasho. Na wakikuambia utatoka hapo ukiwa nesi, ondoka. Nesi husajiliwa na Baraza la Wauguzi, na mhudumu wa nyumbani hawi nesi kwa kuvaa sare.

Pa kufundishia papo. Kaunti zinaendesha vituo vya ufundi tangu ugatuzi uanze, zile tulizokuwa tukiziita polytechnic za vijiji. Ukiingia utakuta ushonaji, ususi, useremala, umekanika. Wasusi tunao wa kutosha, nasema kwa heshima zote. Darasa moja la kituo hicho, vitanda viwili vya kawaida vya mbao, si vya umeme, kiti cha magurudumu, nesi mstaafu wa kufundisha, na siku mbili kwa wiki ili dada wa kazi aweze kuja bila kuacha kazi. Mazoezi yafanyike kwenye maboma ya watu, pamoja na wahamasishaji wa afya ya jamii. Hao walizinduliwa kwa fahari mwaka 2023, zaidi ya laki moja nchi nzima, na mikoba yao ya kupimia presha na sukari. Wanajua kila nyumba yenye mtu aliyelala kitandani. Orodha wanayo tayari.

Mshahara nao lazima utajwe. Kima cha chini cha mfanyakazi wa kawaida katika majiji yetu kilipanda hadi shilingi 16,113.75 kwa mwezi kuanzia Novemba 2024. Ofa ninazozisikia za kumtunza mzee usiku na mchana hazifiki hata nusu yake, tena hutolewa na watu wenye magari. Nikimwona msichana aliyefundishwa vizuri anapanda basi kwenda kutafuta njia ya ng'ambo, simlaumu.

Najua swali linalofuata: nani atalipa? Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema mzee ana haki ya kupata matunzo na msaada kutoka kwa familia yake na Serikali, wote wawili. Serikali inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii kwa waliofikisha miaka 70, pesa ambazo hazitoshi nepi za mtu mzima za mwezi. Ina deni kubwa hapo na iendelee kudaiwa. Lakini familia nazo zisijifiche nyuma yake. Mama akifariki, kamati ya matanga inaundwa jioni hiyo hiyo, hema, viti, ng'ombe, jeneza la vioo, na laki kadhaa zinapatikana ndani ya wiki. Akiwa hai na kidonda cha kifandugu, ujumbe unatumwa kwenye grupu la WhatsApp la ndugu, watu wanaweka mikono ya maombi, na simu zinazimwa.

Basi pendekezo langu kwa ndugu wa namna hiyo, nami ni mmoja wao: mlipieni dada huyo kozi, nauli na chakula cha mchana, mshahara ukiendelea, na uongezwe akimaliza. Kwa siku mbili za wiki atakazokuwa darasani, mmoja wenu afunge safari akakae na mama, amgeuze kila saa mbili, amlishe uji kijiko kwa kijiko. Zamu ianze na yule anayeandika ujumbe mrefu zaidi kwenye grupu.