Kwazi au Tai? Jina la Ndege Katika Habari za Ajali za Anga

Asubuhi dagaa wanapokuwa wameanikwa katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, mwewe huzunguka chini chini juu ya vichanja, kunguru hugombania masalia, na mara moja moja, kwenye mchikichi ulio mbali kidogo na kelele, huonekana ndege mkubwa mweupe mwenye mabawa meusi, ametulia kana kwamba hana haja na yeyote. Kila nilipouliza jina lake nilijibiwa kuwa huyo ni kwazi. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi, kwa sababu kwazi ndiye mvuvi wa Ziwa Tanganyika na sauti yake inajulikana na kila mtu aliyekulia ufukweni. Si sahihi kila mara, hata hivyo, na kosa hilo dogo lina uhusiano wa karibu na namna tunavyoandika habari za ajali za anga.

Kuna tai anayefanana naye sana, yule ambaye wataalamu humwita Gypohierax angolensis, ambaye chakula chake kikuu ni nyama ya nje ya tunda la mchikichi. Mkoa wa michikichi kama Kigoma ni makazi yanayomfaa. Kwazi ana kichwa, kifua na mkia mweupe, lakini tumbo lake ni la rangi ya hudhurungi iliyokolea, na mkia wake ni mfupi. Tai wa michikichi ni mweupe mpaka tumboni, mkia wake ni mweusi wenye ncha nyeupe, na kuzunguka macho ana ngozi nyekundu isiyo na manyoya. Makinda wa ndege hawa wote wawili huwa na rangi ya kahawia kwa miaka kadhaa, na hapo hata mtazamaji mzoefu hulazimika kusubiri ndege aruke ndipo aseme neno.

Msomaji anaweza kuuliza tofauti hiyo inamhusu nini rubani. Inamhusu kwa kilo. Tai wa michikichi ana uzito wa takriban kilo moja na nusu, ilhali kwazi jike anaweza kuzidi kilo tatu. Vioo vya mbele vya ndege kubwa za abiria hupimwa kwa kugongwa na ndege mwenye uzito wa takriban kilo 1.8, hivyo mmoja yuko chini ya kipimo hicho na mwingine amekipita mbali. Mwandishi anayeandika kwamba ndege imegonga kwazi, kwa kuwa tu shuhuda aliona kitu cheupe na cheusi, amekwisha kusema jambo kuhusu ukubwa wa pigo ambalo yeye mwenyewe hakulipima.

Wanaotetea habari ya haraka wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, ndugu wa abiria hawakuweza kungoja taarifa ya uchunguzi. Walihitaji kujua nani yuko hospitali, na walihitaji kujua saa ile ile. Idadi ya walionusurika ilitajwa kwanza kuwa 26, kisha ikasahihishwa kuwa 24, na waliofariki walikuwa 19. Kosa la watu wawili ni zito kwa familia inayosubiri, lakini ukimya wa siku nzima ungekuwa mzito zaidi, maana mahali ambapo chombo cha habari kimenyamaza, simu za mkononi hazinyamazi.

Upande wa pili una ushahidi wa miaka mingi. Tarehe 4 Oktoba 1960 ndege ya Eastern Air Lines ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Boston, Marekani, na watu 62 kati ya 72 wakafariki. Mabaki ya manyoya yaliyopatikana kwenye injini yalipelekwa Washington, katika taasisi ya Smithsonian, ambako Roxie Laybourne, mtaalamu wa manyoya ya ndege, aliyatambua kuwa ya kwezi wa Ulaya. Si kwazi; ni kwezi, ndege wa gramu themanini hivi, ambao kundi lao lilitosha kuzidhoofisha injini. Kwa Kiswahili irabu moja tu inatenganisha ndege hao wawili, na mhariri mwenye haraka anaweza kuibadilisha bila kujua kwamba ameugeuza mkasa wenyewe. Mwaka 1973, juu ya Abidjan, ndege ya abiria iligongana na ndege kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000, na ni manyoya machache yaliyoonyesha kwamba alikuwa tai wa Rüppell. Hakuna shuhuda wa macho ambaye angeweza kulisema hilo.

Hata hivyo, wanaosema tusubiri taarifa rasmi nao huvuka mpaka. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataka taarifa ya awali ya uchunguzi itolewe ndani ya siku 30, na kinasema wazi kuwa lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Siku 30 ni nyingi kwa msomaji. Baada ya ajali ya ndege ya abiria huko Muan, Korea Kusini, tarehe 29 Desemba 2024, ambapo watu 179 walifariki, onyo la mnara wa kuongozea ndege kuhusu ndege wa porini lilijulikana mapema, lakini aina ya bata waliokutwa kwenye injini zote mbili ilithibitishwa katika taarifa ya awali mwezi uliofuata. Kutangaza onyo lile siku ya kwanza kulikuwa halali. Kutaja aina ya bata siku hiyo kungekuwa kubahatisha, na kuandika kwamba bata ndio waliosababisha vifo vyote kungekuwa kosa kubwa zaidi, kwa sababu ukuta wa zege uliokuwa ng’ambo ya njia ya kurukia nao ulikuwa suala la kuchunguzwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kinachopaswa kungoja ni jina, wala si habari. Mwandishi aliyeko Kigoma anaweza kuandika saa ile ile kwamba ndege ya injini mbili za panga, yenye mabawa juu ya kiwiliwili, imerudi kiwanjani baada ya kugongwa na ndege mkubwa mweupe na mweusi, na kwamba abiria wameshuka kwa miguu yao. Hayo yote yameonekana. Hana sababu ya kuiita ATR au Dash 8 mpaka aone kama magurudumu hukunjwa ndani ya vibebeo vya injini, kama ilivyo kwa Dash 8, au kwenye uvimbe ulio ubavuni mwa kiwiliwili, kama ilivyo kwa ATR. Wala hana sababu ya kuandika kwamba “imeanguka” ikiwa imetua kwa dharura, au kuiita ajali pale ambapo hakuna aliyeumia wala chombo kilichoharibika vibaya. Hilo ni tukio, na tofauti hiyo ina maana kisheria.

Lugha yetu yenyewe inadai uangalifu huo, kwa kuwa neno ndege hubeba chombo na kiumbe pamoja. Upatanisho ndio unaotuokoa: ndege imetua, ndege ametua. Kichwa cha habari kinachosema “Ndege yagonga ndege” kinaeleweka kwa sababu ya ile silabi moja ya mwanzo wa kitenzi, na mhariri anayeiharibu humwacha msomaji akisoma aya tatu kabla ya kujua nani alimgonga nani.

Baada ya manyoya kutambuliwa, jina lazima lirudi kwenye habari, na hapo ndipo vyombo vingi hulegea, kwani siku hiyo hakuna tena picha ya kusisimua. Mtu wa Kigoma ana haki ya kusoma ukurasa huo wa pili. Ikiwa aliyegongwa alikuwa mwewe, watu wa kiwanja watatazama taka na masalia ya samaki yaliyotupwa karibu. Ikiwa alikuwa tai wa michikichi, kusafisha jalala hakutabadilisha kitu, na macho yatalazimika kuelekea kwenye michikichi iliyo kwenye njia ya kutua.