Kila upanga Iringa eti umetoka Lugalo

Hivi jamani huu mchezo nani aliuanzisha? Ukienda kuangalia upanga wa zamani huku kwetu, kabla hujaushika vizuri muuzaji ashaanza, huu babu aliuokota Lugalo, 17 Agosti 1891, siku Wahehe walipomuua Zelewski, kamanda wa Wajerumani. Vita ilikuwepo kweli, sibishi, ila kama mapanga yote haya ni ya pale basi kila Mjerumani alivaa matano kiunoni.

Mimi stori naiacha ipite, nageuza upanga naangalia kitako cha mpini. Mapanga mengi ya kijeshi ya Ulaya ya enzi zile msuka, yaani ule mkia wa bapa, unapita ndani ya mpini mpaka juu, halafu ncha yake inagongwa nyundo inatanuka kama ribiti. Hapo ndo pa kuangalia. Ikiwa imefubaa sawa na chuma kilichoizunguka, poa. Ikiwa inang'aa, au ina alama mbichi za nyundo au tupa, kuna mtu keshaufungua huo. Nati nayo siyo kosa, mengine yalitoka nayo kiwandani, ila isiwe nati ya bodaboda.

Nayasema haya kwa machungu maana nilishapigwa. Nilinunua mmoja pale Mlandege, bapa limeandikwa Solingen, ule mji wa Ujerumani unaosifika kwa mapanga, nikachanganyikiwa kabisa, upanga ukiuingiza kwenye ala unagoma umebaki shubiri nzima nje, namuuliza jamaa vipi ananiambia ala imevimba na mvua. Ala ya chuma! Na nikalipa. Nilipofika nyumbani nikachokonoa kwa sindano pale bapa linapokutana na kinga ya mkono, ikatoka gundi iliyochanganywa na masizi ifanane na uchafu wa miaka. Halafu kutu kwenye bapa ilikuwa imechora mstari kama nusu sentimita chini ya kinga, yaani kivuli cha kinga nyingine iliyokaa hapo zamani. Bapa la huku, mpini wa kule, ala ya kwa jirani.

Sasa msinielewe vibaya, upanga uliofanyiwa matengenezo mimi sina ugomvi nao, silaha ilitumika ikavunjika ikarekebishwa, ndo maisha yake hayo. Ninachochukia ni kuficha, na hawa wanaopitisha grainda ili ung'ae, maana kiungo cha gundi unaweza kukibandua ila chuma kilicholiwa na grainda ndo kimeenda hivyo.

Kuna mzee mmoja upande wa Kalenga, upanga wake una mpini wa mninga, na wala hafichi, anakwambia ule wa kwanza uliliwa na mchwa, baba yake akachonga huu. Kitako kimekuwa laini kwa kushikwa, ukiugonga bapa kwa ukucha unalia ting, hautetemi. Nikamsalimia kamwene mzee, nikajikakamua nikamuuliza, huu nao wa Lugalo? Akasema hajui, baba alibadilishana na mbuzi. Na hauzi, anakatia majani ya ng'ombe.