Nyamapori: Tusiwaige Wajerumani Nusunusu
Kuanzia mwezi wa Oktoba, migahawa mingi hapa Ujerumani huandika paa na nguruwe mwitu kwenye orodha ya vyakula, na hakuna mlaji anayetupia jicho mlangoni kwa hofu. Kwetu Tanzania, mwanakijiji akikutwa na kilo chache za swala bila kibali anaweza kuishia gerezani. Ndiyo maana Watanzania wenzangu wa huku hupenda kusema kwamba serikali iachie tu, kwani Mzungu anakula nyamapori na wanyama wake hawamaliziki.

Hoja hiyo inasahau mnyama mwenyewe. Katika msimu wa 2019/20 wawindaji wa Ujerumani waliua nguruwe mwitu zaidi ya 800,000, na bado wakulima wa mahindi wanalalamika. Nguruwe mwitu huzaa watoto watano, sita au zaidi kwa mkupuo, tena hunenepea mashambani mwa watu. Minde, aina ya swala wa misitu ya Udzungwa asiyepatikana nje ya Tanzania, huzaa mmoja tu. Msitu wa tropiki unaonekana umejaa neema, lakini sehemu kubwa ya chakula chake iko juu mitini, wasikofika wanyama wa ardhini. Watafiti wamekadiria kwamba kilomita moja ya mraba ya msitu huo haiwezi kumtosheleza kwa nyama zaidi ya mtu mmoja hivi bila wanyama kupungua. Nyika ni habari nyingine: Serengeti ina nyumbu zaidi ya milioni moja, na kuvuna baadhi yao kwa mpango si dhambi. Tatizo huko ni mtego wa waya, ambao haubagui dume, jike mwenye mimba wala simba aliyepita njia.

Halafu kuna utaratibu. Hapa haki ya kuwinda hufuata ardhi, kwa hiyo mwenye ardhi ana sababu ya kutaka wanyama wawepo mwakani. Mwindaji hufanya mtihani mgumu kabla ya kupewa leseni. Akiua nguruwe mwitu, hukata kipande cha kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) na cha mguu wa mbele, huvipeleka vikapimwe minyoo ya trikinela, na nyama haiuzwi hadi majibu yatoke. Katika sehemu za jimbo la Bavaria nyama hupimwa hata mionzi iliyobaki tangu ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya 1986. Kwetu wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na anayelala shambani akifukuza nguruwe na tembo mara nyingi haoni fungu lake.

Kufunga kila kitu nako hakutoshi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na wanyama wakaendelea kupungua. Tanzania ilitoa kanuni za kuuza nyamapori mwaka 2020, nami naziunga mkono kwa shaka moja: mabucha hufuata wateja wenye fedha, yaani mijini, ambako kuna kuku, ng'ombe na samaki, na nyamapori ni anasa. Kwa maoni yangu, mgawo uanzie vijiji vinavyopakana na hifadhi, uhusu wanyama wa nyika peke yao, na kila mzoga ufungwe lebo yenye namba pale pale ulipoangushwa, ili nyama ya waya isipate pa kujificha buchani.