Chanjo Imefika, Tarehe Imeisha

Jamani, mtu akikuambia dunia nzima sasa ni kijiji kimoja, muulize mwenyekiti wake wa LC1, lile baraza la kijiji, ni nani. Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mgao wa mbegu ukija angalau kuna daftari. Unaweza kuligombania, unaweza kudai jina lako limerukwa na la shemeji yake mwenyekiti limeandikwa mara mbili, lakini lipo na unajua linalala nyumba gani.

Kwenye korona daftari lilikuwepo pia, likaitwa COVAX, mpango wa dunia wa kugawana chanjo. Lilianza 2020, likashikwa na Gavi (muungano wa chanjo), CEPI (wafadhili wa utafiti wa chanjo) na Shirika la Afya Duniani, UNICEF wakibeba mizigo. Ahadi: dozi bilioni 2 kufikia mwisho wa 2021. Bilioni ya kwanza ilitimia Januari 2022. Kisa? Matajiri walichangia daftari kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili wakapiga simu kiwandani na kununua kabla chanjo haijamaliza hata majaribio. Kanada iliagiza dozi za kuwachanja raia wake wote mara kadhaa. Mara kadhaa! Mtu mmoja ana mabega mangapi?

Sisi tarehe 5 Machi 2021 tukashushiwa Entebbe dozi 864,000 za AstraZeneca, zilizotengenezwa Serum Institute kule Pune, India. Kila mtu anahitaji mbili, kwa hiyo ni watu 432,000, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 40. Picha zikapigwa, hotuba zikatolewa. Kidogo tu India ikalemewa na wimbi lake yenyewe, ikasimamisha kuuza nje. Kumlaumu sana Mhindi siwezi, watu wake walikuwa wanakufa kwa kukosa oksijeni. Namlaumu aliyepanga kwamba nchi maskini zikae zote zinatazama mlango wa kiwanda kimoja.

Na bei msiniulize. Haya, niulizeni. AstraZeneca hiyo hiyo: Ulaya walilipa kama euro 1.78 kwa dozi, Afrika Kusini dola 5.25, na Uganda iliripotiwa kukubali dola 7. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba nchi tajiri zilichangia gharama za utafiti, kwa hiyo zinapunguziwa. Ni kama dukani: mwenye gari ananunua gunia la sukari kwa bei ya jumla, wewe wa vijiko viwili kwenye karatasi unalipa zaidi kwa kila kijiko, halafu unaambiwa maskini hawajui kubana matumizi.

Lakini kinachoniumiza kichwa zaidi ni misaada. Mwaka 2021 ulipokuwa unaishia, wenzetu wakachungulia stoo zao, wakaona tarehe zinakaribia. Ghafla huruma ikawajaa. Hebu tuhesabu pamoja. Chanjo inashuka Entebbe ikiwa imebakiza wiki sita. Wiki ya kwanza inaliwa na makaratasi, kukagua vile vipimajoto vilivyosafiri na mzigo, na kuhesabu masanduku kwenye bohari ya taifa ya dawa. Halafu gari la baridi linapangiwa zamu. Kuja Arua peke yake ni karibu kilomita 500, kupitia Karuma na Pakwach, na kabla halijaondoka friji ya wilaya lazima iwe na nafasi, maana humo tayari mna chanjo za watoto za surua na polio, na hizo huwezi kuziambia zisogee zikalale ukumbini. Wilayani zinakwenda vituo vya afya, kituoni zinapakiwa kwenye kisanduku cha baridi juu ya pikipiki. Pikipiki inataka mafuta, mafuta yanataka sahihi, mwenye sahihi yuko semina Kampala. Akirudi, umebaki na wiki mbili, na anayechomwa leo dozi yake ya pili ni baada ya wiki 8 hadi 12. Itatoka wapi? Mungu anajua, na kiwanda.

Hata barafu ina masharti. Vile vibarafu vya kisanduku huvitoi kwenye friza ukavipanga hapo hapo. Unaviacha nje mpaka ukitikisa usikie maji yanacheza ndani. Ukiharakisha, chanjo inaganda, na AstraZeneca ikiganda ni ya kutupa tu. Yaani joto linaiua na baridi kali pia inaiua; inataka nyuzi 2 hadi 8, siku zote, mpaka chini ya mwembe.

Hapo chini ya mwembe nesi ana kichupa cha dozi 10. Akishakitoboa ana saa 6. Wamekuja watu watatu. Afanyeje? Akifungua, dozi saba zinamwagwa, na ripoti inamuuliza mbona anapoteza mali ya umma. Asipofungua, watatu wanarudi nyumbani kwa miguu, na wiki ijayo hawaji ng'o. Dawa yake inajulikana: timu ya afya ya kijiji iandikishe majina kumi kabla ya siku, na mengine ya akiba ya wale watakaokimbilia sokoni. Ila posho ya timu hiyo haimo ndani ya sanduku la msaada. Tazameni vizuri, hata chini ya karatasi la chini haimo.

Pfizer ndiyo ilikuja na masharti ya mganga. Makao yake nyuzi 70 chini ya sifuri. Ikitoka huko ina siku 31 kwenye friji ya kawaida. Kila kichupa unakiongezea mililita 1.8 za maji ya chumvi ya hospitali, kisha unavuta mililita 0.3 kwa kila mtu, upate dozi 6. Sasa bomba za sindano tulizozoea kwenye chanjo za watoto, zile zinazojifunga zenyewe zisitumike tena, nyingi zinapima mililita 0.5. Ya 0.3 ni bomba jingine kabisa. Chanjo imetolewa kwa hisani ya taifa fulani. Bomba ni hisani ya nani?

Malawi ilipokea dozi tarehe 26 Machi 2021. Tarehe ya mwisho ya kutumika: 13 Aprili. Siku 18! Zilizobaki, zaidi ya 19,000, wakazichoma hadharani mwezi Mei. Huko nje wakatikisa vichwa: Waafrika wanaogopa sindano. Novemba mwaka huo Afrika na COVAX ikabidi waandike tamko: msaada ufike ukiwa na angalau wiki 10 za uhai, tujulishwe wiki 4 kabla, na mabomba yaje pamoja nao. Mambo ya kumwandikia mtu mzima hayo?

Sisi nasi tusijifanye malaika. Mwaka huo huo hapa Uganda iliripotiwa watu wasiopungua 800 walidungwa chanjo feki, vichupa vingine vikiwa na maji. Foleni ikiwa ndefu, mjanja anafungua foleni yake.

Halafu msiniambie kuchelewa ni mapenzi ya Mungu. Ebola ya aina iitwayo Sudan ilitangazwa hapa Uganda, wilayani Mubende, tarehe 20 Septemba 2022. Dozi za kwanza za majaribio zikafika 8 Desemba, siku 79 baadaye. Watu 55 waliothibitishwa walikuwa wamekufa na mgonjwa wa mwisho ameshatoka wodini. Chanjo ikakosa wa kumjaribu. Ebola hiyo ikaja tena, ikatangazwa Kampala 30 Januari 2025, na majaribio ya chanjo yakaanza 3 Februari. Siku 4! Kwa sababu dozi zilikuwa Kampala tayari, utaratibu wa utafiti umeshaandikwa, watafiti wameshafundishwa. Hakuna muujiza hapo, friji ilikuwa na kitu.

Sisi kutoa virusi na habari zake hatujawahi kuchelewa. Virusi vya Zika viligunduliwa pale Entebbe 1947. Botswana na Afrika Kusini zilipotangaza Omicron, aina mpya ya korona, Novemba 2021, zawadi yao ilikuwa kufungiwa ndege. Indonesia ndiyo iliyogoma 2007: sampuli za mafua ya ndege hatuwapi, maana chanjo yake mtakuja kutuuzia. Wakaitwa wakorofi, lakini mpango wa kugawana ukaandikwa 2011, kwa mafua peke yake.

Mei 2025, Geneva, nchi 124 zikapitisha mkataba wa magonjwa ya mlipuko, 11 hazikupiga upande wowote, Marekani haikuwemo. Viwanda vilenge kutenga asilimia 20 ya kinachozalishwa wakati wa mlipuko kwa Shirika la Afya Duniani, angalau asilimia 10 ikiwa bure. Vizuri. Ila namna ya kutoa virusi na kupokea chanjo iliachwa kwenye kiambatisho cha kujadiliwa baadaye. Bila hicho mkataba hautiwi sahihi, na bila nchi 60 kuuridhia hauanzi kazi. Basi wakiwa bado wameshika kalamu, waandike na haya: ikishuka Entebbe iwe imebakiza wiki ngapi, mafuta ya pikipiki analipa nani, na lile bomba la mililita 0.3 liko sanduku gani.